Rudolf Diesel: Mtu Aliyetaka Mashine Ndogo

Pipa likipakiwa Kigoma lina dizeli ndani yake. Likivuka ziwa na kushushwa Kalundu, lina mazutu. Hakuna aliyelifungua njiani wala kulimwaga. Ni neno tu lililobadilika, mahali fulani majini kati ya Tanzania na Kongo. Mimi nimekulia Kalundu, bandari ya Uvira, ambako malori yanayopanda Bukavu kupitia Kamanyola, jenereta za madukani na meli za mizigo zote hunywa mazutu, na sikuwahi kulitilia shaka neno hilo mpaka nilipoanza kusoma isimu.

Mazutu ni neno la Kirusi, mazut, lililopita katika Kifaransa likaletwa kwetu na Wabelgiji. Lilipofika lilikuta mlango wazi, kwa kuwa lilianza na ma-, na vitu vya majimaji katika Kiswahili vingi vimo katika ngeli hiyo: maji, maziwa, mafuta, na mawese yetu. Ndiyo maana bandarini nimesikia watu wakisema kwamba mazutu yamepanda bei, ingawa wengine husema imepanda. Dizeli, kwa upande wake, haina kawaida hiyo. Imekaa katika ngeli ya 9 pamoja na wageni wengine, petroli na redio, nayo si jina la kitu kwa asili. Ni jina la ukoo wa mtu aliyezama baharini akiwa na umri wa miaka 55. Wengi wetu tunamtaja bila kujua kwamba tunamtaja. Nimeona vyema tumtaje mara moja tukijua.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Baba, Theodor, alitoka Augsburg, na kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi, kazi ya mikono ya karakana ndogo. Mtoto alikua akiongea Kifaransa barabarani na Kijerumani nyumbani. Mwaka 1870, vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Prussia, Wajerumani waliokuwa Paris walifukuzwa, na familia ya Diesel ikaacha karakana ikakimbilia London. Huko hapakuwa na kazi ya kutosha. Wazazi wakaamua kumpeleka Rudolf, mwenye umri wa miaka 12, kwa ndugu zao Augsburg, na mtoto alisafiri peke yake kwa treni katikati ya vita.

Sisi wa Uvira hatuhitaji maelezo marefu juu ya safari ya namna hiyo. Kila mtaa wa kwetu una mtu aliyevuka Ruzizi au ziwa akiwa mtoto, mzigo mkononi, akielekea kwa shangazi au mjomba ambaye hajawahi kumwona. Tena wapo waliofika wakaambiwa kwamba lafudhi yao si ya hapa. Diesel alikuwa Mjerumani machoni pa Wafaransa. Nchini Ujerumani akawa kijana wa Paris. Kiingereza alijiongezea baadaye, na lugha hizo tatu zilimtumikia maisha yake yote, katika mihadhara na katika mikataba. Wahandisi wengi humsoma kama mhandisi tu. Mimi naona kwamba bila lugha hizo asingeuza mashine yake hata nusu ya alikoiuza.

Augsburg alilelewa na Christoph Barnickel, mwalimu wa hisabati katika shule ya ufundi ya mji. Kijana alifaulu vizuri mno. Alipofika miaka 14 aliwaandikia wazazi kwamba anataka kuwa mhandisi, na mwaka 1875 alipata msaada wa masomo wa kuingia chuo cha ufundi cha Munich, kinyume cha matakwa ya wazazi waliotaka aanze kutafuta mshahara. Huko Munich alikutana na mwalimu aliyemgeuza maisha, Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Katika somo la Linde, Diesel alielewa jambo moja ambalo halikumwacha tena: mashine za mvuke za wakati ule zilikuwa zikigeuza kuwa kazi chini ya sehemu moja ya kumi ya joto la makaa. Makoleo tisa kati ya kumi yaliyotupwa tanuruni yalikuwa yakipasha moto anga.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo akakosa mtihani wa mwisho. Alikwenda Winterthur, Uswisi, akafanya kazi kwa mikono katika karakana za ndugu Sulzer akisubiri mtihani mwingine, na Januari 1880 alimaliza kwa alama za juu kabisa. Linde alimwajiri Paris katika kiwanda cha barafu. Mwaka 1883 akamwoa Martha Flasche, wakazaa watoto watatu, Rudolf, Hedy na Eugen.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha mtu huyu. Diesel alikuwa mtoto wa fundi wa karakana ndogo, na aliona karakana hizo zikifa moja moja. Sababu aliijua. Mashine ya mvuke ilikuwa na faida ikiwa kubwa tu; ndogo ilikula makaa kuliko kazi iliyofanya. Kwa hiyo mwenye mtaji alinunua kubwa, akajenga kiwanda, na mshonaji, mfumaji na seremala wakaacha vibanda vyao wakaenda kuajiriwa. Diesel alitaka mashine ambayo fundi mmoja angeweza kuinunua, kuiweka katika chumba chake na kuilisha kwa gharama nafuu. Hakuwa akiota treni wala meli za vita. Udogo na ubahili wa mafuta vilikuwa kwake jambo moja, nalo lilikuwa jambo la haki kabla ya kuwa la hesabu.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa injini ya mvuke wa amonia. Ililipuka, ikakaribia kumuua, naye akalala hospitalini kwa miezi. Mwaka 1890 alihamia Berlin, na Februari 1892 akapeleka ombi la hataza ya wazo jipya. Hataza ilitoka mwaka 1893, na mwaka huohuo akachapisha kitabu kidogo cha nadharia ya mashine yake.

Wazo lenyewe mtu yeyote aliyewahi kujaza upepo katika tairi la baiskeli analo kiganjani. Ukisukuma bomba haraka, chuma chake hupata joto, kwa sababu hewa inapobanwa hupata moto. Injini ya petroli hubana hewa iliyokwisha kuchanganywa na mafuta, kisha plagi, au buji kama tunavyoiita kwetu, huwasha kwa cheche. Haiwezi kubana sana, la sivyo mchanganyiko hujiwasha kabla ya wakati. Diesel akasema tubane hewa tupu, bila mafuta. Hapo unaweza kubana kwa nguvu sana mpaka hewa yenyewe iwe tanuru, kisha ndipo unyunyize mafuta, nayo yatawaka bila cheche. Kadiri unavyobana zaidi, ndivyo joto jingi zaidi linavyogeuka kuwa kazi. Injini za dizeli za magari zilizokuja baadaye zilibana hewa mara 15 hadi 20 na zaidi. Za petroli kwa kawaida hazikufika hapo. Kuna na faida ya pili, ambayo dereva wa mjini huiona kuliko wa safari ndefu. Injini ya petroli ya kawaida, ili iende polepole, hukabwa koo: hewa yake hupunguzwa kwa kizibo, nayo huhangaika kupumua. Ya dizeli huachwa ipumue itakavyo, na mafuta peke yake ndiyo hupunguzwa.

Kiwanda cha mashine cha Augsburg, kilichoongozwa na Heinrich von Buz, kilikubali kujaribu, na kampuni ya Krupp ikatoa fedha. Tarehe 10 Agosti 1893 mashine ya kwanza iliwashwa. Kipimo cha shinikizo kililipuka, vipande vikaruka karibu na vichwa vya watu. Lakini mafuta yaliwaka bila cheche, na hilo lilimtosha Diesel kwa siku hiyo. Tarehe 17 Februari 1894 mashine ya pili ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja tu. Kisha ikapita miaka mitatu ya kubadilisha pampu, vali na namna ya kunyunyiza mafuta. Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 26.2. Hakuna mashine ya joto iliyokuwa imefika hapo.

Ila ilikuwa ya chuma kizito, ndefu kuliko kimo cha mtu, na nguvu zake hazikufika farasi 20. Fundi gani wa kibandani angeinunua? Nadhani Diesel alijua siku ileile kwamba alikuwa ameshinda hesabu na kwamba udogo bado ulikuwa mbali.

Jina nalo lina kisa chake, kilichohifadhiwa na mwanawe Eugen, aliyekuja kuwa mwandishi na kuandika maisha ya baba yake. Diesel alikuwa akitafuta jina la kuipa mashine, akifikiria maneno ya Kilatini na ya Kigiriki yenye fahari. Mkewe Martha ndiye aliyemwambia aiite tu kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo neno ambalo leo limo katika lugha nyingi za dunia, pengine bila herufi kubwa, lilichaguliwa na mwanamke ambaye vitabu vya ufundi havimtaji.

Mnunuzi mkubwa wa kwanza wa ng'ambo alikuwa Mmarekani, tena mtengeneza bia. Adolphus Busch wa St. Louis, mwenye asili ya Ujerumani, alinunua mwaka 1897 haki za kutengeneza injini hiyo Marekani na Kanada kwa marki milioni moja, na mwaka uliofuata injini ya kwanza ya dizeli ya Marekani ilikuwa ikifanya kazi katika kiwanda chake. Busch hakuvutiwa na nadharia. Kiwanda cha bia kinahitaji umeme na barafu mchana na usiku, na mtu huyo alijua kuhesabu gharama za makaa. Nchini Urusi haki zilichukuliwa na familia ya Nobel, waliokuwa na visima Baku na mabaki mazito ya mafuta yasiyopata mnunuzi mzuri. Mabaki hayo ndiyo yaliyoitwa mazut. Kwa hiyo majina mawili yanayoachana katikati ya Tanganyika yaliwahi kukaa ndani ya tangi moja, na Wanobel mwaka 1903 walikuwa tayari wanapeleka mashua ya mafuta, Vandal, kwa injini za aina hiyo kwenye mto Volga.

Afrika iliingia katika habari hii mwaka 1900. Katika maonyesho makubwa ya Paris, ambapo Diesel alipata tuzo kuu, kampuni ya Otto iliendesha injini moja ndogo kwa mafuta ya karanga, na watu wachache tu waligundua kwamba si mafuta ya ardhini. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo. Ilifikiria makoloni ya Afrika, ambako karanga zinamea na makaa hayapo. Diesel alilieleza jambo hili mwaka 1912, akaona kwamba mafuta ya mimea, yanayoonekana duni leo, yangeweza siku moja kuwa na thamani kama ya petroli. Wabelgiji walilichukua mbali zaidi baada yake. Mwaka 1937 Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea yatumike katika injini hizo, na mwaka 1938 basi la abiria lilikimbia kati ya Brussels na Leuven kwa mawese ya Kongo yaliyotengenezwa kwa njia yake. Kila nikiona madumu ya mawese ya Fizi yamepangwa bandarini Kalundu yakisubiri kuuzwa, huku mashine ya meli iliyoyaleta ikinywa mazutu yaliyotoka nje kwa fedha za kigeni, nakumbuka basi lile. Sisemi tupike kidogo tuendeshe zaidi. Nasema tu kwamba jambo hilo lilijaribiwa kwa mafuta yetu, na faida ya jaribio haikupandishwa mto.

Turudi kwa mtu. Mwaka 1898 Diesel aliuza haki zake kwa kampuni mpya ya Augsburg kwa marki milioni tatu na nusu. Alikuwa na miaka 40, tajiri, na mgonjwa. Mwaka huo alilazwa kwa uchovu wa akili. Alijenga Munich nyumba ya fahari kupita kiasi. Fedha akazitia katika viwanja na katika visima vya mafuta vya Galicia, akapoteza. Mtu aliyeweza kuona koleo moja la makaa likipotea hakuweza kuona milioni zake zikipotea. Hilo simcheki, kwa kuwa kuhesabu joto na kuhesabu fedha ni vipaji viwili.

Mwaka 1903 alichapisha kitabu ambacho yeye mwenyewe alikithamini kama injini yake, Solidarismus, juu ya wafanyakazi kuchangiana akiba na kumiliki viwanda kwa pamoja. Zilichapwa nakala 10,000, zikauzwa mia chache. Wahandisi humtaja kwa aibu kidogo wanapofika hapa, kama mtu anayesimulia upuuzi wa babu yake. Mimi naona kitabu hicho ni karakana ileile ya baba, imerudi kwa njia nyingine baada ya mashine kukataa kuwa ndogo.

Kwa kweli ilikuwa inazidi kuwa kubwa. Kuanzia 1904 nyambizi za Ufaransa zilianza kuitumia, za Ujerumani zikafuata. Februari 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilianza safari ya bahari kuu bila tanuru, bila wachochea makaa na bila bomba la moshi. Mwaka 1908 Diesel alijaribu kutengeneza injini ndogo ya lori pamoja na kampuni ya Uswisi, lakini haikufika sokoni. Pampu za kunyunyiza tone dogo la mafuta kwa usahihi na kwa kasi hazikuwepo bado. Mwaka 1912 alizunguka Marekani akihutubia wahandisi na kushangiliwa. Nyumbani maprofesa walikuwa wakimwandama. Walisema injini inayouzwa si ile aliyoiandika katika hataza, na walikuwa na haki kwa sehemu: nadharia ya 1893 ilitaka joto lisipande wakati mafuta yanapowaka, na mashine iliyofanya kazi haikutii hilo. Mwaka 1913 Lüders alitoa kitabu kizima cha kumvua sifa, na katika jina lake injini ya Diesel iliitwa hekaya.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden huko Antwerp, bandari ileile ambayo meli za kwenda Kongo zilikuwa zikiondokea. Alikuwa anakwenda Uingereza kwa mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, wakatembea juu ya sitaha, wakaagana karibu saa nne usiku, naye akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi hakuwepo. Kitanda hakikulaliwa, vazi la kulalia lilikuwa limetandazwa, saa imewekwa mahali anapoweza kuiona aliyelala. Kofia na koti vilikutwa vimekunjwa vizuri chini ya ukingo wa nyuma wa meli. Siku kumi baadaye mabaharia wa mashua ya Kiholanzi waliona maiti imeharibika juu ya maji. Walichukua vitu vidogo vya mfukoni, mkoba, kisu, kifuko cha miwani, kikopo cha vidonge, na mwili wakaurudisha baharini. Eugen alivitambua kuwa vya baba yake.

Magazeti yalizua mengi: majasusi wa Ujerumani, matajiri wa petroli. Bado yapo yanayouzwa kwa uvumi huo. Kabla ya safari Diesel alikuwa amempa Martha mkoba na kumtaka asiufungue mpaka wiki ipite. Ndani mlikuwa na marki 20,000 taslimu na karatasi zilizoonyesha kwamba akaunti ni tupu na madeni hayalipiki. Kwangu mimi mkoba huo unatosha. Mtu ambaye majasusi wanamwinda hamwekei mkewe fedha za wiki ijayo.

Mashine ilianza kuwa ndogo baada yake. Mnamo 1924 malori ya kwanza ya dizeli yalionekana Ujerumani. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutoa pampu ya kunyunyizia kwa wingi, ndiyo kifaa alichokikosa. Marekani, fundi mmoja wa Indiana, Clessie Cummins, aliyekuwa akitengeneza injini zisizopata wanunuzi, alitia moja ndani ya gari kubwa la Packard, na Januari 1930 akaliendesha hadi New York, zaidi ya kilomita 1,200, kwa mafuta ya dola 1 na senti 38. Nafikiri ndilo tangazo bora kuliko yote ya dizeli nchini mwao, kwa sababu halikuwa na sifa ndani yake, hesabu tu. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilitoa gari la abiria, 260 D, likapendwa na wenye teksi.

Lakini Mmarekani wa kawaida hakuhitaji ubahili maadamu petroli ilikuwa rahisi. Alianza kuuhitaji baada ya mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipofunga mafuta na foleni zikazunguka vituo. Mwaka 1976 Volkswagen ilitia injini ya dizeli ya lita moja na nusu, yenye nguvu za farasi zipatazo 50, katika gari dogo la Golf, ambalo Marekani liliitwa Rabbit, yaani sungura. Lilikuwa na kelele, lilipanda mlima kwa unyenyekevu, na asubuhi za baridi lilihitaji kusubiriwa. Waliolinunua waliyasamehe hayo yote kila waliposimama kituoni na kuondoka na fedha mkononi. Kwa mara ya kwanza wazo la Diesel lilikaa katika uwanja wa nyumba ya mtu mmoja mwenye mshahara mmoja. Mwaka 1981 karibu magari 6 kati ya kila 100 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya dizeli.

Kisha yakaja mambo mawili. Petroli ilishuka bei, na General Motors ilikuwa imetoa injini kubwa ya Oldsmobile, ya silinda nane, iliyojengwa kwa kufuata umbo la injini ya petroli. Boliti za kichwa hazikustahimili mbano, na maji katika mafuta yakaharibu pampu. Iliuzwa kati ya 1978 na 1985, na iliwafundisha Wamarekani wengi kwamba dizeli ni ugonjwa. Baada ya mwaka 2000 magari madogo ya Volkswagen yaliwarudisha polepole wapenzi wa kwenda mbali kwa tangi moja, yakitangazwa kuwa safi. Septemba 2015 serikali ya Marekani ikafichua kwamba programu ndani yake ilitambua wakati gari linapopimwa moshi, likapumua kwa adabu mbele ya wapimaji na kutoa oksaidi za nitrojeni mara nyingi zaidi barabarani. Magari karibu nusu milioni huko, na kama milioni 11 duniani. Diesel aliwahi kushtakiwa kwamba mashine yake si ile iliyoandikwa katika karatasi. Yeye walau alikuwa amekosea, hawa walidanganya.

Udogo wenyewe, ule wa kibandani, aliufikisha mtu mwingine. Magokichi Yamaoka, mtoto wa mkulima wa Japani, mwaka 1933 alitoa injini ya dizeli ndogo iliyoweza kutumika kweli shambani na katika mashua ya mvuvi, na kampuni yake, Yanmar, bado ipo. Mwaka 1957 alitoa bustani ya kumbukumbu ya Diesel mjini Augsburg, katika hifadhi ya Wittelsbach, kwa mawe makubwa yaliyosafirishwa kutoka Japani. Ndicho kitu kinachokaribia kaburi kwa mtu aliyebaki baharini.

Baba yangu mdogo ni fundi wa mashine za mashua Kalundu tangu kabla sijazaliwa. Nilimsimulia haya yote likizo iliyopita, akiwa ameinama juu ya silinda moja ya Kijapani iliyofunguliwa, mikono myeusi mpaka viwiko. Hakujua kama dizeli ni mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, nikamwonyesha katika simu picha ya yale mawe. Akauliza kama yule Mjapani alikuwa anadaiwa.